Barua pepe ya benki kuhusu kuhuisha taarifa za akaunti: nitambueje kama ni feki?

mhasibu_gerezani

Wakuu, salaam.

Naomba msaada wa wanaojua mambo ya barua pepe kwa undani. Ofisi yetu inaagiza vipuri vya magari, tuko Gerezani hapa Dar. Imeingia barua pepe inayosema imetoka benki yetu, kichwa chake "Akaunti yako itasitishwa: huisha taarifa zako ndani ya saa 24". Nembo ni ileile, rangi zilezile, chini kuna anwani ya makao makuu ya benki, na Kiswahili chake kimenyooka, sijaona kosa hata moja. Wamemtaja mkurugenzi wetu kwa majina yake kamili na tarakimu nne za mwisho za akaunti, na ni sahihi. Kuna kitufe cha "Huisha Sasa" na PDF moja yenye msimbo wa QR.

Kinachonitatiza ni anwani ya mtumaji. Kila siku tunaambiwa "angalia anwani". Nimeiangalia herufi kwa herufi, ni kikoa (domain, jina linalofuata alama ya @) halisi cha benki, si kinachofanana nacho. Mwenzangu ofisini anashauri tubonyeze tu, tukiona alama ya kufuli kwenye kivinjari basi tovuti ni ya kweli. Mimi nimesita.

Inawezekanaje anwani ikawa sahihi na barua ikawa feki? Na nitathibitishaje bila kupanga foleni tawini kila barua inapoingia? Hapa nitaiita benki hiyo benkiyangu.co.tz, na vikoa vingine nimevibadilisha pia.

---

seva_imara

Mkuu, umefanya vizuri kusita. Kitufe msikibonyeze, na PDF iacheni kwanza.

Anwani unayoiona kwenye "From" huandikwa na mtumaji mwenyewe. SMTP, itifaki inayosafirisha barua pepe, haimzuii mtu kuandika pale anwani ya mtu mwingine. Ilibuniwa enzi ambazo mitandao iliyounganishwa ilikuwa michache na waliomo wakijuana. Ukaguzi wa mtumaji umeongezwa baadaye kwa vitu vitatu vinavyoitwa SPF, DKIM na DMARC, na matokeo ya ukaguzi huo yameshaandikwa ndani ya barua yenu, ila hayaonekani mpaka uyafungue.

Kama mnatumia Gmail, ingieni kwa kompyuta, maana app ya simu haionyeshi. Bonyeza nukta tatu zilizo kulia juu ya barua, kisha "Show original". Kwa Outlook ya kwenye kivinjari ni nukta tatu, "View", halafu "View message source". Kwa Outlook iliyosakinishwa kwenye kompyuta, fungua barua kwenye dirisha lake, nenda "File", "Properties", usome kisanduku cha "Internet headers".

Tuletee mistari minne: From, Reply-To, Return-Path na Authentication-Results.

---

mhasibu_gerezani

Tunatumia Gmail ya kampuni. Nimeipata (nukta za vikoa vya kutiliwa shaka nimezifunga hivi [.] ili visibonyezeke):

Return-Path: rudisho@mtuma-jarida[.]com
Reply-To: huduma@benkiyangu-tz[.]com
From: Benki Yangu, taarifa@benkiyangu.co.tz
Authentication-Results: mx.google.com;
dkim=pass header.i=@mtuma-jarida[.]com;
spf=pass smtp.mailfrom=rudisho@mtuma-jarida[.]com;
dmarc=fail (p=NONE) header.from=benkiyangu.co.tz

Pass mbili, fail moja. Ndiyo imefaulu au imefeli?

---

seva_imara

Ni feki. Nitaeleza kila mstari ili barua nyingine ikija uisome mwenyewe.

SPF inauliza hivi: seva iliyoleta barua hii, je, imeruhusiwa na mwenye kikoa kilichoandikwa kwenye Return-Path? Return-Path ni mahali barua inaporudishwa ikikosa kufika, na msomaji wa kawaida haioni. Hapa kikoa chake ni mtuma-jarida[.]com, na ni kweli seva yao imeruhusiwa na wao wenyewe. Kwa hiyo pass. Benki haijaulizwa chochote.

DKIM ni saini ya kidijitali. Inathibitisha kwamba aliyesaini ni kikoa fulani na kwamba sehemu zilizosainiwa hazijaguswa njiani. Tazama header.i: aliyesaini ni mtuma-jarida[.]com tena. Saini ni halali, lakini si ya benki.

DMARC ndiyo pekee inayotazama kile ulichokitazama wewe, yaani From. Inadai angalau kimoja kati ya SPF na DKIM kifaulu, *na* kikoa kilichofaulu kioane na kikoa cha From. Kwenu vyote viwili vimefaulu kwa jina la mtu mwingine, basi DMARC imefeli.

Kama imefeli, kwa nini imeingia kwenye kikasha? Jibu liko kwenye mabano: p=NONE. Hayo ni maagizo ambayo mwenye benkiyangu.co.tz ameyaweka hadharani kwa seva zote duniani. Yako ya aina tatu. "none" maana yake msichukue hatua yoyote kwa sababu ya DMARC. "quarantine" maana yake itilieni shaka, ipelekeni kwenye spam. "reject" maana yake ikataeni mlangoni. Benki yenu iko kwenye none, kwa hiyo Gmail ilijua kwamba barua haioani, lakini ilikuwa imeambiwa iiache ipite. Unaweza kuhakiki hili kwa benki yoyote ile. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike:

nslookup -type=txt _dmarc.benkiyangu.co.tz

Itarudi na mstari unaoanza na v=DMARC1, na p yake utaiona palepale. Tangu Februari 2024 Google wanamdai anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa watumiaji wa Gmail awe na DMARC, na Yahoo wanamdai hivyohivyo anayetuma kwa wingi, lakini sharti hilo linatimizwa hata na p=none, ambayo haizuii chochote. Benki inayolinda fedha za watu inapaswa kuwa kwenye reject, na mteja ana haki ya kuiuliza benki yake kwa nini haipo hapo. Waandikieni. Nasema hivi kwa uzito wote, kwa sababu kwa neno hilo moja kazi ya kukamata barua hii imehamishwa kutoka kwenye mashine ikawekwa mabegani mwa mhasibu.

Mambo mawili usiyachanganye. La kwanza, dmarc=pass haimaanishi "ni benki". Tapeli akinunua benkiyangu-tz[.]com na kuipangia SPF, DKIM na DMARC vizuri, jambo ambalo ni la saa moja au mbili, atapata pass tatu zote. Pass inasema tu kwamba barua imetoka kwenye kikoa kilichoandikwa. Kikoa hicho ni cha nani, unabaki kujiuliza mwenyewe. La pili, barua halali nayo inaweza kufeli, hasa ikipitia kwanza kwenye sanduku lingine linaloielekeza kwenu, au kwenye orodha ya kundi inayoongeza maneno chini yake. Kwa hiyo fail peke yake ni sababu ya kusimama na kuchunguza. Hapa kwenu kuna Reply-To inayokwenda kwenye kikoa cha tatu kabisa: mkijibu "tumepokea", jibu linakwenda kwa tapeli, si benki. Hapo hakuna tena cha kuchunguza.

Mistari ya "Received" utaiona pia, mingi. Isome kutoka chini kwenda juu, chini ndiko ilikoanzia. Ila ya chini inaweza kughushiwa na mtumaji. Unayoweza kuitegemea ni ya juu, iliyoandikwa na seva yenu wenyewe. Ndivyo ilivyo hata kwa Authentication-Results: amini ile inayoanza na jina la seva yenu, kwenu ni mx.google.com.

---

ukaguzi_ndani

Seva_imara kamaliza upande wa mtumaji. Niseme kuhusu viungo, na kuhusu hilo la kufuli.

Kufuli linasema mazungumzo kati ya kivinjari chako na tovuti ile yamesimbwa, mtu wa katikati hayasomi. Halisemi tovuti ni ya nani. Cheti chake kinapatikana bure kwa dakika chache, Let's Encrypt wanavitoa kwa mwenye kikoa yeyote, tapeli naye akiwemo. Google waliondoa alama ya kufuli kwenye Chrome mwaka 2023 kwa sababu hiyohiyo, watu walikuwa wanaisoma kama cheti cha uaminifu. Mwambie mwenzako aachane na kipimo hicho.

Kipimo chenyewe ni kusoma anwani ya tovuti, na inasomwa kwa namna yake. Kwenye kompyuta weka mshale juu ya kitufe bila kubonyeza, anwani itatokea pembeni chini. Kwenye simu bonyeza kiungo na ushikilie mpaka kisanduku kitokee, usiachie haraka. Ukishaiona nzima, ruka https:// kisha tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata. Vyote vilivyo kulia mwa mkwaju huo ni kurasa za ndani, mwenye tovuti anaandika humo anachotaka, hata jina la benki yako mara tatu. Bakia na kilicho kushoto mwa mkwaju, na ukisome kuanzia kulia. Kikiishia na .co.tz, .or.tz au .co.ke, vipande hivyo viwili ni vya nchi na kundi lake. Kipande kinachofuata upande wa kushoto ndicho jina lililosajiliwa, na aliyelisajili ndiye mwenye tovuti. Kikiishia na .com, .net au .top, ruka kimoja tu.

Kwa mfano:

mtandao.benkiyangu.co.tz/ingia ni ya benki. Neno "mtandao" ni tawi ndani ya kikoa chao.

benkiyangu.co.tz.uhakiki[.]top/ingia ni ya mwenye uhakiki[.]top. Jina la benki limewekwa mbele kwa makusudi, kwa sababu skrini ya simu ni nyembamba na mara nyingi unaona mwanzo tu wa anwani.

benkiyangu-co-tz[.]com si ya benki. Kistari si nukta, hilo ni jina jipya kabisa.

https://benkiyangu.co.tz@uhakiki[.]top inakwenda uhakiki[.]top. Kilicho kabla ya alama ya @ kivinjari hakikihesabu kama anwani ya tovuti.

Ukiona xn-- popote katika anwani, ina herufi zilizofichwa zilizo nje ya a hadi z za kawaida, kwa mfano "a" ya Kirusi ambayo kwa macho haitofautiani na yetu. Mhasibu wa Dar hana sababu ya kwenda kwenye tovuti ya namna hiyo kwa shughuli za benki.

Angalizo: .co.tz yenyewe si ushahidi. Mtu yeyote anaweza kununua jina chini yake kwa wasajili wa majina ya .tz. Chini ya .go.tz ndiko wanakokaa serikali tu.

Barua halali za matangazo za benki zina tatizo lake pia. Nyingi hutumwa kupitia kampuni za kutuma barua kwa wingi, na viungo vyake hupita kwenye kikoa cha kampuni hiyo ili wahesabu waliobonyeza. Kwa hiyo unaweza kukuta barua ya kweli yenye kiungo cha ajabu. Ndiyo maana mhasibu hatakiwi kuhukumu viungo siku nzima. Chukua anwani ya intaneti benki kwenye mkataba wenu au kwa ofisa wa tawi mara moja, ihifadhi kwenye alamisho (bookmarks) za kivinjari, na uingie kwa njia hiyo tu, siku zote. Kama kweli akaunti ina tatizo, ujumbe utaukuta ndani baada ya kuingia.

Tumieni pia programu ya kutunza nywila, hata ile iliyomo kwenye kivinjari. Yenyewe inalinganisha kikoa herufi kwa herufi na haihadaiki na nembo. Siku ikikataa kujaza nywila mahali ulipozoea ijaze, usiandike kwa mkono. Simama, soma anwani.

Kuhusu jina la mkurugenzi na tarakimu za akaunti: ankara zenu zina namba ya akaunti chini, kila mteja wenu anayo. Majina ya wakurugenzi yako kwenye kumbukumbu za BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Kujua vitu hivyo si dalili ya kuwa benki. Na Kiswahili safi nacho kisikutulize. Zamani barua hizi zilitafsiriwa vibaya na zilijulikana kwa mbali, lakini programu za akili bandia zinaandika Kiswahili cha ofisi bila kosa.

Kuhuisha taarifa za mteja ni jambo la kweli, benki huliomba, hasa namba za NIDA na nyaraka za kampuni. Mada peke yake haitoshi kuihukumu barua. Kinachoihukumu ni mahali inapokupeleka na inachotaka uandike. Nywila, PIN, tarakimu tatu za nyuma ya kadi, OTP (namba ya siri ya mara moja inayokuja kwa SMS): hakuna kati ya hivyo kinachohitajika ili taarifa zako zihuishwe.

---

bandari_kilindini

Nawasalimu kutoka Mombasa. Naongeza kuhusu viambatisho, kwa sababu nyinyi waagizaji na sisi mawakala wa forodha tunalengwa zaidi kupitia hapo kuliko kwenye viungo.

Hiyo QR ndani ya PDF ina kazi mbili. Vichujio vya baruapepe husoma viungo vya maandishi kwa urahisi, lakini QR ni picha na mara nyingi hupenya. Pili, inakutoa kwenye tarakilishi ya kampuni yenye ulinzi na kukuhamishia kwenye simu yako binafsi isiyo na ulinzi wowote. Benki haina sababu ya kukutumia QR ndani ya baruapepe unayoisomea kwenye simu hiyohiyo.

Kiambatisho kinachoishia na .html au .htm ni ukurasa kamili wa kuingilia benki uliofungwa ndani ya faili. Ukiufungua, sehemu ya anwani juu huandika file:/// badala ya https://, kwa sababu ukurasa uko kwenye tarakilishi yako mwenyewe na hakuna kikoa cha kukagua. Ukijaza fomu, ulichoandika hutumwa kwa mwizi, mara nyingi kwenye boti ya Telegram. Benki ikikutumia fomu kwa HTML, ichukulie kuwa ni wizi bila kuendelea.

Zip, rar au 7z yenye nywila, na nywila yenyewe imeandikwa ndani ya baruapepe ileile: lengo ni kuifunga ili kichujio cha virusi kisiweze kuona ndani. Usiichanganye na taarifa ya akaunti ya kila mwezi, ambayo benki nyingi hutuma kama PDF yenye nywila. Hiyo ni PDF, si zip, na nywila yake ni kitu ulichokijua kabla, hakiandikwi humo kwa ukamilifu.

Kisha ile ya "SWIFT copy" au "payment advice", yaani nakala inayodai kuonyesha kwamba malipo ya benki yameshatumwa. Faili linaitwa kitu kama MT103_malipo.pdf.exe, au ni .iso, .img, .lnk, .js. Windows kwa kawaida huficha kipande cha mwisho cha jina la faili, kwa hiyo utaona .pdf tu. Kifichue: fungua File Explorer, nenda "View", kisha "Show", utie alama kwenye "File name extensions" (ila .lnk hubaki imefichwa hata hivyo). Tangu Microsoft walipozuia makro (programu ndogo zilizomo ndani ya faili za Word na Excel) za faili zilizotoka intaneti mwaka 2022, wezi wamehamia zaidi kwenye faili za aina hii. Virusi vinavyoletwa hivyo, kama Agent Tesla, kazi yake ni kunakili unachoandika kwenye kibodi na nywila zilizohifadhiwa, na unaweza usione dalili yoyote.

Hata SWIFT copy isiyo na virusi haithibitishi malipo. Ni karatasi tu, na namba zake zinatungwa. Ukitumiwa, ipe benki yako namba ya UETR (namba ya kufuatilia malipo ya SWIFT) yenye herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari vyake, waifuatilie kwenye mfumo wao. Mzigo usitoke kabla fedha hazijaonekana kwenye akaunti.

---

mhasibu_gerezani

Asanteni sana wakuu, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Lakini kuna dharura. Barua hiyohiyo ilimfikia na msaidizi wangu, ambaye ndiye anayeandaa malipo kwenye intaneti benki, mimi naidhinisha. Amenieleza sasa hivi kwamba asubuhi aliskani ile QR kwa simu yake, akaandika jina la mtumiaji na nywila. Ukurasa ukamwomba OTP, hakuiweka kwa sababu SMS ilichelewa. Kiambatisho aliifungua PDF tu. Tuanzie wapi?

---

ukaguzi_ndani

Benki kwanza, sasa hivi, kabla ya kusoma jibu hili mpaka mwisho. Pigeni namba iliyo nyuma ya kadi au kwenye mkataba, si iliyo kwenye barua. Waombeni mambo matatu: wafunge jina la mtumiaji la msaidizi, wafunge vipindi vyote vilivyo wazi (popote jina hilo lilikoingia), na waangalie kama kuna kifaa kipya, mlipwaji mpya au malipo yanayosubiri idhini yaliyoandaliwa leo. Chukua jina la aliyekuhudumia, saa, na namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Haraka ni muhimu kwa sababu uhamisho kupitia TIPS (mfumo wa Benki Kuu wa malipo ya papo kwa papo) unafika benki nyingine au kwenye mtandao wa simu kwa sekunde, na kwa wakala fedha hutolewa taslimu. Zikishatolewa, hakuna cha kurudisha.

Wewe mwidhinishaji usiidhinishe chochote mpaka mmelinganisha kila malipo na ankara ya karatasi. Tapeli mwenye nywila ya mwandaaji atajaribu kupenyeza malipo yanayofanana na ya kawaida, kiasi kilekile mlichozoea, mlipwaji yuleyule, ila namba ya akaunti tofauti. Jina halitoshi, soma namba.

OTP iliyochelewa isomeni mpaka mwisho. Ujumbe mara nyingi unataja ni ya nini: kuingia, kusajili kifaa, au kuongeza mlipwaji. Kama inasema kusajili kifaa, mwambie ofisa wa benki maneno hayohayo. Kurasa hizi za kisasa hazingoji mtu wa kuja kusoma baadaye. Zinapeleka nywila kwenye tovuti halisi wakati huohuo, benki inatuma OTP ya kweli, na ukurasa feki unaiomba. Kwa hiyo OTP kutoka kwa benki halisi haithibitishi kwamba uko kwenye tovuti halisi. Anaweza pia kupigiwa simu na "mtu wa benki" leo au kesho akiombwa aisome OTP. Asiisome kwa yeyote.

Nywila ibadilishwe kwa kompyuta nyingine, kupitia alamisho au app ya benki. Kama alitumia nywila hiyohiyo kwenye barua pepe, na barua pepe nayo ibadilishwe.

---

seva_imara

Naongeza upande wa barua pepe. Msaidizi aingie Gmail yake kwa kompyuta, "Settings", kisha "See all settings". Afungue "Filters and Blocked Addresses", halafu "Forwarding and POP/IMAP". Akikuta kichujio au anwani asiyoitambua, apige picha ya skrini kwanza, kisha afute. Aliyeingia kwenye sanduku la mhasibu mara nyingi huweka kanuni ya kimyakimya: barua yoyote yenye neno "benki", "malipo" au "invoice" ipelekwe nje, au ifichwe kwenye folda asiyoitazama mtu. Kwa wenye Outlook, kanuni za namna hii hupenda kuzificha barua kwenye folda ya "RSS Feeds". Kubadilisha nywila hakuzifuti kanuni hizo, zinaendelea kufanya kazi. Kisha atoe vifaa vyote kwenye akaunti ya Google na awashe uthibitisho wa hatua mbili kwa programu au ufunguo, si kwa SMS.

Simu yake: kuskani QR na kujaza fomu peke yake hakuweki virusi. Ila aangalie kama ukurasa ulimtaka apakue app, faili linaloishia na .apk. Kama aliipakua na kuisakinisha, azime data na Wi-Fi, laini ya kupokelea OTP ihamishiwe kwenye simu nyingine, na ile irudishwe hali ya kiwandani.

Barua yenyewe msiifute. Na mkiipeleka benki msi-forward kwa kawaida, maana mistari yote tuliyoisoma hapa hupotea, wao watapata maandishi tu. Kwenye Gmail weka alama kwenye barua katika orodha, nukta tatu, "Forward as attachment". Au ndani ya barua chagua "Download message", utapata faili la .eml. Nakala moja iende benki, moja TZ-CERT, kitengo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), moja ibaki kwenu. Ndipo mbonyeze "Report phishing".

---

mhasibu_gerezani

Benki wamefunga jina la msaidizi. Walikuta mlipwaji mmoja mpya ameongezwa akisubiri idhini, wamemwondoa. Hakuna fedha iliyotoka. Ipo ile namba ya TCRA 15040, niitumie kwa hii?

---

ukaguzi_ndani

15040 ni ya SMS na namba za simu za kitapeli. Kama msaidizi alipigiwa au alitumiwa ujumbe, tumeni huko. Kwa ndugu zetu wa Kenya walio Safaricom ni 333. Barua pepe ni TZ-CERT, kama alivyosema mwenzangu.

Polisi nendeni pia, hata kama hamkupoteza kitu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalihusu jambo hili. Chukueni namba ya RB (ya taarifa iliyoandikishwa polisi), mbebe .eml kwenye flashi, picha za skrini, ule ujumbe wa OTP bila kuufuta kwenye simu, na maelezo ya benki kuhusu huyo mlipwaji mpya: jina, akaunti, saa alipoongezwa.

Halafu ombeni benki ipunguze kikomo cha siku kwenye akaunti hiyo kiwe karibu na malipo yenu ya kawaida, na mlipwaji mpya awe anahitaji idhini ya watu wawili. Benki nyingi zina mpangilio huo kwa akaunti za kampuni, lakini ni lazima uombwe kwa barua yenye saini za wahusika.

---

bandari_kilindini

Na wateja wenu pia waambieni, kwa simu, leo. Kama kuna mtu aliyesoma sanduku la msaidizi hata kwa saa chache, ankara zenu anazo. Hatua inayofuata huwa ni mteja wenu kupokea barua inayosema "tumebadilisha benki, lipeni kwenye akaunti hii mpya".